Kipigo cha India kule Australia: tuhesabu mipira, tusihesabu mikimbio peke yake

Tangu India ifungwe 3-1 katika mfululizo wa mechi tano za kriketi kule Australia, Januari 2025, mazungumzo ya mashabiki wenzangu wa hapa Dar es Salaam huishia kwenye majina mawili: mpigaji mkongwe Virat Kohli na nahodha Rohit Sharma. Wazee wanasema umri umewatupa mkono. Vijana wanasema walitakiwa kuwekwa benchi mapema. Mimi kazi yangu ni kufundisha upigaji, na hasira hizo nazielewa, maana takwimu zao zinauma. Rohit alipata mikimbio 31, yaani alama 31, katika zamu tano za kupiga. Kohli alifikisha 100 bila kutolewa kwenye mechi ya kwanza kule Perth, na ukijumlisha zamu zake nyingine nane zote unapata 90.

Hata hivyo, ukiishia hapo hujaeleza kipigo. India ilipoteza mfululizo ule kwa sababu wapigaji wake hawakukaa kwenye pichi, na kwa kutokukaa kwao walimuua kwa uchovu mrushaji wao bora, Jasprit Bumrah.

Nieleze kidogo kwa aliyezoea kriketi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita). Mechi ya Testi ni siku tano, kwa kawaida ova 90 kwa siku, na kila timu inapiga zamu mbili; kwa kawaida zamu huisha wapigaji 10 wakitolewa, na kila anayetolewa ni wiketi moja. Mpigaji anayekaa muda mrefu, hata kama mikimbio inakuja kwa kudonoa, anafanya kazi mbili kwa mpigo: anawachosha warushaji wa upande wa pili, na anawapa wa kwake muda wa kulala, kukandwa misuli na kuweka barafu kwenye mabega. Mrushaji wa kasi anatua mguu wake wa mbele kwa kishindo kila mpira. Mwili ule hauna spea. Zamu yenu ikiisha kabla ya chai, jamaa anarudi kazini na misuli ya jana.

Sasa tazama Adelaide, Desemba 2024, mechi ya mpira wa waridi inayochezwa hadi usiku. India walitolewa kwa 180 katika ova 44 na mpira mmoja. Zamu ya pili wakatolewa kwa 175, nayo haikufika ova 37. Zamu mbili nzima zikijumlishwa hazijazi siku moja! Travis Head akawachapa 140 peke yake, Australia wakashinda kwa wiketi 10, yaani bila kupoteza mpigaji kwenye zamu ya mwisho, na mechi haikuvuka siku ya tatu. Wengi tulizungumzia wiketi sita za Mitchell Starc, mrushaji wa Australia, na kweli alirusha vizuri mno. Lakini mimi nilikuwa namtazama Bumrah akirudi kufunga viatu vyake upya.

Linganisha na enzi za Cheteshwar Pujara, mpigaji wa namba tatu wa India. Mfululizo wa 2018-19, ule ambao India iliushinda kule Australia kwa mara ya kwanza katika historia yake, Pujara alipata mikimbio 521, na alicheza mipira 1,258 ili kuipata. Safari iliyofuata, 2020-21, mikimbio yake ilikuwa 271 tu na watu walimlaumu kwa uzito, ila alikula mipira 928. Siku ya mwisho kule Brisbane, Januari 2021, alipata 56 kwa mipira 211, mipira mingine akiipokea kifuani, begani na vidoleni. Jioni mpigaji mwenzake Rishabh Pant akamalizia kwa 89 bila kutolewa na dunia ikaimba jina la Pant. Ilikuwa haki yake, lakini warushaji aliowakuta Pant walikuwa wameshachoka, na aliyewachosha tunamjua. Pujara alicheza Testi yake ya mwisho mwaka 2023, na India haikuwahi kuandaa mtu wa kuifanya kazi ile.

Niseme kuhusu Kohli kama kocha. Mara zote nane alizotolewa katika mfululizo huu, mpira ulikuwa nje ya kijiti cha kushoto kwa anayetazama kutoka kwa mrushaji, ukagusa ukingo wa bati, ukadakwa na mlinda wiketi, anayesimama nyuma ya vijiti, au na walinzi wa slipi walio kando yake. Mara nane kati ya nane. Mrushaji wa Australia Scott Boland peke yake alimtoa mara nne, na hakufanya mazingaombwe: aliurusha kwenye urefu uleule na kwenye mstari uleule, mpira baada ya mpira, kama mtu anayepiga nyundo msumari mmoja. Kohli anapiga hatua ya mbele mapema, uzito wote unahamia mguu wa mbele, halafu mikono inaufuata mpira nje. Mpira wa Australia unapanda juu zaidi ya ule wa Delhi au Mumbai, kwa hiyo ukingo ukiguswa unaruka moja kwa moja kwenye mikono ya slipi.

Dawa yake ninaifundisha kwa watoto wa miaka 12. Unajua kijiti chako cha nje kiko wapi kwa kutumia kichwa: jicho likiwa juu ya mstari wa kijiti hicho, mpira wowote unaoonekana nje ya jicho unauacha upite, bati juu, mikono karibu na mwili. Kuuacha mpira ni pigo kamili, linahitaji uamuzi na nidhamu kama mapigo mengine yote. Kohli analijua hilo kuliko mimi na wewe, na Sydney mwaka 2004 gwiji wa India Sachin Tendulkar alionyesha linawezekana pale alipojinyima pigo la kusukuma mpira upande wa nje karibu zamu nzima akafika 241 bila kutolewa. Kinachoniuma ni kwamba benchi lililojaa makocha halikumsaidia Kohli kufunga mlango uleule uliokuwa unavunjwa kila wiki.

Turudi kwa Bumrah, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wiketi 32 kwa wastani wa mikimbio 13 na kidogo kila moja. Perth alikuwa nahodha, Rohit akiwa nyumbani kwa uzazi wa mkewe. India wakatolewa kwa 150, naye akajibu kwa wiketi tano na Australia wakaishia 104. Mechi ile India ilishinda kwa mikimbio 295, na wengi tuliamini kazi imekwisha. Hadi mfululizo unaisha alikuwa amerusha ova 151 na mipira miwili. Mohammed Siraj naye alirusha bila kuchoka akapata wiketi 20. Baada ya hao wawili, hakuna mrushaji mwingine wa India aliyefikisha hata 10. Mrushaji mwenzao Mohammed Shami hakuwa na afya ya kusafiri. Upande wa pili Pat Cummins alipata 25, Boland 21 kwa mechi tatu tu, Starc 18. Josh Hazlewood aliumia, Boland akaingia, na mashine ikaendelea kusaga. Mzigo uligawanywa.

Kama kuna siku moja ningependa kila shabiki aitazame upya, ni ya nne kule Melbourne. Huku kwetu mechi ilianza saa nane na nusu usiku, na waliokesha wanakumbuka. Bumrah aliifikisha Australia 91 kwa wiketi sita. Nafasi ilikuwepo mezani. Yashasvi Jaiswal, kijana aliyeongoza India kwa mikimbio mfululizo mzima, aliangusha madaka matatu siku ile, mojawapo la Marnus Labuschagne wa Australia akiwa na 46. Labuschagne akafika 70. Kisha Nathan Lyon na Boland, wapigaji wa mwisho kabisa, wakasimama hadi jioni. Kila ova waliyosimama ni ova ambayo Bumrah au Siraj alilazimika kuirusha akiwa hoi.

Siku ya tano India walihitaji ama 340 kushinda au kukaa ova 92 kupata sare. Wakati wa chai walikuwa 112 kwa wiketi tatu, Jaiswal na Pant wakiwa wametulia. Sare ilikuwa inanukia. Pant, aliyekuwa amejizuia kwa mipira 100 na ushei, akauona mpira mfupi wa Head, mrushaji wa muda tu, akaubeba hewani ukadakwa karibu na mpaka. Wiketi saba za mwisho zikaanguka kwa mikimbio 34. Zilikuwa zimebaki ova kama 13 tu. Nitamtetea Pant kwa mengi, lakini pigo lile sitalitetea.

Sydney ndipo bili ilipokuja. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Bumrah alitoka uwanjani na kupelekwa kupigwa picha za mgongo. Hakurusha tena hata mpira mmoja. Australia walihitaji 162 kwenye pichi yenye majani ambayo hata zamu ya kwanza iliwatoa kwa 181. Bumrah angekuwepo, nina imani ile mechi ilikuwa ya kupiganiwa hadi mwisho. Hakuwepo, wakashinda kwa wiketi sita, wakachukua kombe walilokuwa hawajalishika kwa miaka 10, na India ikakosa fainali ya ubingwa wa dunia wa Testi.

Kwa haki, tukubali pia kwamba kupiga Australia siku hizi ni kugumu kuliko 2018. Mshono wa mpira wa Kookaburra, unaotumika kule, unadumu zaidi na pichi zinaachiwa majani. Sam Konstas alituchangamsha sote kwa 60 zake Melbourne akiwa na miaka 19, lakini wapigaji wa Australia wenyewe walihangaika. Kwa mazingira hayo ndiyo kwanza unamhitaji mtu wa kula mipira 40 ya mwanzo.

Kwamba jambo hili linawezekana tuliliona Uingereza miezi sita baadaye. Rohit na Kohli walikuwa wameshastaafu Testi, Shubman Gill akiwa nahodha. Kule Manchester India walikuwa nyuma kwa mikimbio 311, na wiketi mbili zikaanguka kabla hawajapata hata mkimbio mmoja. KL Rahul na Gill wakasimama, wakafuata Ravindra Jadeja na Washington Sundar, wakala ova 143 na kuondoka na sare. Wiki iliyofuata, pale The Oval, Siraj alikuwa na nguvu za kumalizia mechi kwa tofauti ya mikimbio sita, na mfululizo ukaisha 2-2. Bumrah alicheza mechi tatu kati ya tano, kwa mpango uliotangazwa mapema.

Kinachonitia wasiwasi ni namba tatu, mpigaji wa tatu kuingia, nafasi aliyoiacha Pujara. Perth alikuwepo Devdutt Padikkal. Uingereza wakapokezana Sai Sudharsan na Karun Nair. Novemba 2025, Afrika Kusini walipoifunga India 2-0 nyumbani kwake, Kolkata akapandishwa Sundar, mechi iliyofuata akarudishwa Sudharsan. Mchagueni mmoja, mpeni mwaka mzima, na mkimpima mpimeni kwa mipira aliyokula.