Gari la umeme katika hadithi za vijana za miaka ya 1910

Ukikutana na gari la umeme kwenye hadithi ya zamani ya vijana wa Marekani, usidhani mwandishi alikuwa anatabiri. Gari lenyewe lilikuwepo barabarani. Mwaka 1900 Marekani ilitengeneza magari 4,192, na kati ya hayo 1,575 yalikuwa ya umeme. Ya petroli hayakufika hata 1,000. La umeme lilikuwa kimya, halikutoa moshi, halikuwa na giya za kuhangaika nazo, wala halikuhitaji kupigwa hendeli ili liwake, kazi iliyokuwa ikivunja watu mikono. Wauzaji wakalinadi kwa akina mama wa mjini. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari la umeme la Detroit Electric wakati kiwanda cha mumewe kikitoa Model T za petroli.

Kasoro yake ilikuwa betri. Za madini ya risasi zilikuwa nzito, na chaji haikukufikisha mbali. Hapo ndipo hadithi ilipopata pa kuingilia.

Mfano unaojulikana zaidi ni kitabu cha Tom Swift and His Electric Runabout, cha mwaka 1910. Victor Appleton anayetajwa kwenye jalada hakuwa mtu. Ni jina lililotumiwa na kampuni ya Edward Stratemeyer, iliyowapa waandishi wa kukodi muhtasari wa visa wakaandike. Ranabauti (runabout) ni gari dogo jepesi la wazi. Tom, kijana fundi, anasikia kuna zawadi ya dola 3,000 kwa mshindi wa mashindano ya magari ya umeme, anajifungia karakana akitaka lake likimbie maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160.

Mwendo huo si ajabu kama unavyosikika. Mwaka 1899 Camille Jenatzy, Mbelgiji, alishavuka kilomita 100 kwa saa kwa gari la umeme, ila kwa umbali mfupi tu wa kupima kasi. Tom anataka kasi na masafa kwa pamoja. Kwa hiyo anachovumbua hasa ni betri, na anaiunda kwa nikeli na chuma, vitu vilevile ambavyo Thomas Edison alikuwa amehangaika navyo kwa miaka akitafuta betri nyepesi ya magari. Sehemu hizo za karakana, kwangu, ndizo tamu. Kisa kingine cha kitabu, Tom kupeleka fedha mbio kwa gari lake ili kuiokoa benki, kimechomekwa tu ili gari lipate sababu ya kukimbia.

Gari la namna hii halikukaa sana barabarani. Mwaka 1912 kampuni ya magari ya Cadillac ilitoka na stata ya umeme, yaani mota ndogo ya kuwashia injini, hendeli ikaanza kupotea, na petroli ilikuwa ya bei rahisi. Betri na mota ndogo chini ya boneti ya gari la petroli vikalinyang'anya gari la umeme wateja wake.