Mafuta ya Gari Lako Yakiwa Gereji: Soma Kabla Hujaja Kulalamika

EPRA, mamlaka ya Kenya inayodhibiti kawi na petroli, ikishatangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya mwezi, siku zinazofuata benchi la mapokezi ya ofisi yetu ya vipimo na mizani hapa Kisumu hujaa. Wengi hawalalamikii vituo vya mafuta. Wanalalamikia gereji: "Nilipeleka gari likiwa nusu tangi, nimerudishiwa taa ya njano inawaka." Afisa wa vipimo na mizani hukagua pampu za kuuzia mafuta, huzijaribu kwa chombo cha lita 20 na kuzipiga lakiri. Hana chombo cha kupima mafuta yaliyokuwa ndani ya gari lako Jumanne iliyopita. Lakini kwa kuwa mnaendelea kuja, tuzungumze.

Geji ya gari si kipimo. Boya lililo ndani ya tangi hufuata jinsi gari lilivyosimama, kwa hivyo likiegeshwa kwenye mteremko au likiinuliwa jeki upande mmoja, mshale husoma vingine. Magari yanayoonyesha kilomita zilizobaki nayo yana lake: betri ikitolewa, hesabu ile huweza kufutika na kuanza upya, na hakuna tone lililoibwa. Tumewahi kuletewa picha ya skrini hiyo kama ushahidi wa wizi. Si ushahidi.

Pia kuna mafuta yanayotumika kihalali. Injini ya cc 1500 ikinguruma bila kutembea hula lita moja kwa saa, mara nyingi chini ya hapo. Fundi akilijaribu gari kutoka Kondele hadi Kisian na kurudi, hizo ni kama lita mbili. Kwa hivyo lita tatu zikipungua baada ya kazi ya injini, tafadhali usiite polisi. Lita 15 zikipungua kwenye gari lililopelekwa kubadilishiwa breki, hiyo ni hadithi nyingine, na kisingizio cha "yalivukizwa na jua" kisikubaliwe. Tangi lenye kifuniko kizima halipotezi mafuta hivyo.

Kazi zinazohitaji tangi kumwagwa ni chache: tangi linalovuja, petroli iliyoingiliwa na maji au dizeli, au uchomeleaji unaolazimu tangi liondolewe. Kubadilisha pampu ya mafuta si lazima iwe mojawapo. Kwenye Toyota nyingi ndogo tunazoendesha huku, pampu hufikiwa kupitia kifuniko kilicho chini ya kiti cha nyuma. Ukiambiwa tangi lilimwagwa kwa sababu ya pampu, uliza kwa nini.

Na yakimwagwa, yanawekwa wapi? Mara nyingi nakuta mtungi wa mafuta ya kupikia, wazi, kando ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa hadi shimoni na kukaa humo ukingoja cheche. Tangi lililotoka kumwagwa ni hatari kwa kuchomelea kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke uliobaki ndani. Kunyonya kwa mpira na mdomo kukome kabisa: petroli ikiingia mapafuni huleta nimonia. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali. Maziwa si dawa yake. Mafuta yaliyoharibika nayo yasimwagwe mtaroni. Mitaro yetu huishia Mto Kisat na Ghuba ya Winam, na Sheria ya Mazingira ya 1999 inakataza.

Mafuta yaliyomwagwa ni mali yako, hata yakiwa machafu. Hayageuki bakshishi ya fundi kwa sababu tu hukuyaulizia. Chini ya Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida huadhibiwa kwa kifungu cha 275, kifungo kisichozidi miaka 3. Mfanyakazi akiiba mali ya mwajiri wake, au mali iliyomfikia kwa niaba ya mwajiri huyo, ni kifungu cha 281, na hapo ni hadi miaka 7. Wenye gereji, wasomeeni vijana wenu hicho.

Ukitaka kulipwa tu, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa kwa kesi. Utahitaji kadi ya kazi iliyoandikwa kilomita za gari, hali ya geji na tarehe, ikiwa na sahihi za pande zote mbili, siku ya kuacha na siku ya kuchukua. Picha ya dashibodi ipigwe fundi akiwapo, gari likiwa pahali tambarare. Tangi likimwagwa, lita ziandikwe na mtungi uonyeshwe. Asiye na karatasi hizi hatuna la kumsaidia, hata akija na shangazi yake.

Ukija, leta nakala. Sampuli ya petroli ndani ya chupa ya soda iache nyumbani. Ofisi hii ina jiko la chai.