Mpito wa haki wa nishati ni nini?

Usiku usio na mbalamwezi, simama kwenye mwalo wowote wa Mwanza utazame ziwani: utadhani kuna mji umehamia juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za sola, zenye betri inayochajiwa mchana. Mvuvi hasumbuki kutafuta mafuta kila jioni, wala havuti moshi hadi alfajiri. Huo ndio mpito wa nishati: kuachana na mafuta na makaa ya mawe, kuhamia jua, upepo na betri.

Neno "haki" lilianzia kwenye vyama vya wafanyakazi Marekani. Waliuliza: kiwanda kinachochafua hewa kikifungwa, aliyekuwa akifanya kazi humo atakula nini? Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu mabadiliko ya tabianchi ukaliingiza neno hilo kwenye utangulizi wake, kwa maana hiyohiyo ya ajira. Huku kwetu swali ni pana zaidi, kwa sababu tunaishi karibu na ncha zote mbili za betri: pale madini yake yanapochimbwa, na pale inapokufa.

Ncha ya kwanza huzungumzwa sana. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Haki hapo ni fidia inayomfikia anayehamishwa kabla trekta halijafika shambani kwake, kazi kwa vijana wa pale, na madini kusafishwa hapahapa nchini. Dhahabu imeshatangulia: Mwanza ina kiwanda cha kuisafisha tangu 2021.

Ncha ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Nilimkuta kijana mmoja mwaloni akipasua betri kuukuu kwa patasi. Maji yake aliyamwaga mchangani, hatua chache kutoka pale akina mama walipoanika dagaa. Kisha akazichomoa sahani za risasi (metali nzito, si risasi za bunduki), za kijivu, zinazomeguka kama udongo mkavu, akazitia kwenye kiroba. Nilipomuuliza kwa nini asiuze betri zima, akajibu, "Dada, maji hayapimwi." Mnunuzi wa chuma chakavu analipa kwa kilo, na kilo anayoitaka ni ya risasi.

Yale "maji" ni tindikali yenye chembe za risasi, na risasi haiozi. Mtoto akiimeza au akivuta vumbi lake, inamharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kijana yule anatafuta riziki. Mikono yake ndiyo inayotangulia kuishika sumu hiyo, na hana hata glovu.

Betri za litiamu nazo zina shida yao. Nyingi za kwenye taa za sola ni za aina isiyo na kobalti wala nikeli, kwa hiyo wanunuzi wa chakavu hawana hamu nazo. Zinaishia jalalani, na ikitobolewa moja inaweza kuwaka moto.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi ni kama asilimia 22 tu. Mkataba wa Bamako wa 1991 unakataza kuingiza taka za sumu Afrika, lakini taa mpya dukani si taka. Inakuwa taka ikiwa mikononi mwetu.

Ndiyo maana kuna dhana ya wajibu wa mzalishaji: anayetengeneza au kuingiza betri anagharamia pia kuikusanya ikifa. Kwa yule kijana, maana yake iwe bei: betri zima, na maji yake ndani, limlipe zaidi ya kiroba cha risasi.