Mashine ya kusugua sakafu: anza kuitazama kwa nyuma

Wenye maduka na maghala hapa Kigoma wakinipigia kuhusu mashine ya kusugua sakafu, hii unayoisukuma huku unatembea nyuma yake, huanza na brashi: ni kubwa kiasi gani, ina nguvu gani? Mimi huinama nyuma kwanza. Karibu kila brashi nzima itasugua. Unachokilipia ni ule mpira mrefu unaokokota maji machafu hadi kwenye mdomo wa kufyonza, yakapanda kwenye tangi lake, watu wakaendelea kupita bila kuteleza. Ukianza kuacha michirizi, makali yamekwisha.

Mpira mwingi una kingo nne za kutumia. Ukingo mmoja ukilika, fungua, geuza, funga tena. Nimeona watu wakiutupa baada ya ukingo wa kwanza, roho inaniuma.

Halafu kuna mawese. Mpira wa asili ukishinda kwenye mafuta huvimba na kulegea, hata uwe mpya. Ghala linalopokea madumu ya mawese lichukue mpira wa poliyurethani. Bei imesogea, lakini unastahimili mafuta. Sabuni iwe ya kuondoa mafuta na isiyo na povu, maana povu likijaa tangini huvutwa hadi kwenye mota ya kufyonza, na hapo ndipo mnanitafuta usiku. Wala usipite mara moja. Mzunguko wa kwanza inua mpira, sugua kwa sabuni, iache dakika 5 hadi 10 bila kukauka. Wa pili, sugua tena, mpira ukiwa chini. Maji yawe ya vuguvugu kama maelekezo ya mashine yanaruhusu, kwa sababu mawese yakipoa huganda, ya moto sana yatakuharibia tangi.

Mchanga ufagiwe kabla. Mashine hii haifagii, na wanaopokea mizigo kutoka Kibirizi, kule ufukweni mwa ziwa, wanajua viatu huingiza nini ndani. Punje moja ikinasa chini ya mpira inachora mstari wa maji ghala zima.

Upana? Brashi ya sentimeta 50 kwa mwendo wa kilometa 4 kwa saa ni meta za mraba 2,000 kila saa kwenye karatasi. Toa kupishanisha njia, kona na kujaza maji, hesabu kama 1,200. Duka dogo lenye rafu zilizobanana nunua dekio, usinichukie.

Betri kwa kawaida ni mbili za volti 12, zinaungwa kupata 24. Usiziache zilale bila chaji eti utachaji kesho. Kesho umeme unaweza usiwepo. Zile za kuongezwa maji, tumia maji ya betri, si ya bomba, na ongeza baada ya kuchaji. Ukijaza kabla, tindikali itafurika na kula chuma cha chini. Isipokuwa ukikuta sahani za ndani ziko wazi: hapo ongeza kidogo, zifunikwe tu, ndipo uchomeke chaja.