Je, wajua kwa nini rimu iliyohama milimita 1 husomeka 2?

Mwenye baiskeli ya breki za vyuma, zile zisizo na waya, anaijua hali hii: ukishika breki inakamata, inaachia, inakamata tena, kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Breki hizo hugusa rimu upande wa ndani, kule kwenye spoku. Rimu ikiwa na umbo la yai, sehemu moja huisogelea breki na nyingine huikimbia.

Pale Isevya, Tabora, nilimtazama fundi akipima yai hilo kwa kipande cha chaki. Baiskeli ilikuwa kichwa chini. Tairi alishalivua, maana tairi lisilokaa vizuri lina kuyumba kwake. Kabla ya kugusa chaki alishika rimu kwa mikono miwili, akaitikisa kushoto na kulia. Habu, kile kitovu cha gurudumu, ikagonga. Akachukua spana, akakaza koni, zile zinazobana gololi za habu, kidogo kidogo mpaka kulegea kukaisha na gurudumu likabaki laini.

Nadhani hapo ndipo wengi hukosea. Gololi zikiwa na nafasi, gurudumu huhamahama katikati yake, na alama ya mzunguko wa kwanza haikutani na ya pili. Hapo umepima habu, hujapima rimu.

Kisha akaibana chaki kwenye foku isitikisike, ncha ikielekea ukingo wa rimu.

Sasa hesabu. Rimu nzima ikihama milimita 1 kutoka katikati ya ekseli, upande mmoja unaikaribia chaki kwa milimita 1 na wa pili unaiacha kwa milimita 1. Tofauti ni 2. Kwa hiyo fundi huivuta rimu nusu tu ya alichokiona. Wenye mashine za leti, zile za kukereza vyuma, wanaotumia saa ya kupimia, kipimo chenye sindano kinachosoma sehemu ya mia ya milimita, hukutana na jibu maradufu hilo hilo. Hata walenga shabaha wanaojaza risasi upya hulaza ganda la risasi juu ya vishikizo viwili, wakalizungusha huku sindano ya saa ikigusa shingo; ganda likiteleza mbele na nyuma, kipimo kimeharibika kama cha habu iliyolegea.

Palipoguswa na chaki, fundi alikaza spoku za kushoto na kulia sawasawa, robo mzunguko kila nati, akazungusha, akapima upya. Alirudia mara nyingi. Mwishoni chaki ikachora mstari mweupe usiokatika, rimu nzima, naye akaufuta kwa kitambaa na kurudisha tairi.