Kumbadilisha mtu mawazo mtandaoni maana yake nini hasa

Hivi haya malumbano ya siasa kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye komenti za Instagram yashawahi kumbadilisha mtu kweli au tunamaliza bando tu? Inategemea unaongelea kubadilika kupi, maana kuna vitu vitatu hapo na watu wanavichanganya.

Kuna taarifa, yani kile mtu anachokijua au anachodhani anakijua. Kuna msimamo, anataka katiba mpya au hataki, serikali mbili au tatu. Halafu kuna upande, chama chake au kiongozi wake, na huu wengi wameukuta nyumbani au wameupata kwa washkaji wala hawakukaa chini kuuchagua. Taarifa inabadilika kirahisi kuliko tunavyodhani, msimamo unasogea pole pole, upande ndo balaa.

Chukua mfano wa hapa hapa Dodoma. Mtu anaandika kwamba Magufuli ndo aliyebuni wazo la makao makuu kuja huku mwaka 2016. Unamjibu kwamba TANU ilishaamua tangu 1973, na hata ile CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, iliyovunjwa 2017 iliundwa mwaka huo huo wa 1973 kwa kazi hiyo. Anakaa kimya kidogo halafu anarudi, "sawa, ila nani alihamisha serikali kweli kweli?" Wewe unaona umekwama na huyu mtu habadiliki, wakati kabadilika tayari, ile 1973 kaipokea na hatoandika tena kwamba wazo lilianza 2016, sema upande wake uko pale pale haujaguswa. Na tuseme ukweli swali lake nalo lina hoja.

Marekani wamelipima hili. Watafiti wakiwemo Brendan Nyhan na Jason Reifler walichukua madai ya Donald Trump ya 2016 kwamba uhalifu unapanda, wakawaonyesha watu takwimu kwamba kwa muda mrefu umekuwa ukishuka. Wafuasi wake wengi wakapokea masahihisho, hata wao. Ila walivyoulizwa wanamuonaje Trump, majibu yakawa yale yale. Hao hao wawili mwaka 2010 ndo walisema ukimsahihisha mtu unaweza ukamfanya azidi kung'ang'ania uongo, na hiyo ikasambaa sana, mpaka leo kuna watu wanaitumia kama sababu ya kutojibu chochote. Wenzao Thomas Wood na Ethan Porter wakaja kuipima kwa watu zaidi ya elfu kumi na mada 52, wakaona hicho kitu ni nadra mno. Kwa hiyo usiogope kumsahihisha mtu.

Kinachoharibu zaidi kwetu naona ni aibu. Ukikubali hadharani kwamba mwenzako yuko sahihi kesho unaitwa chawa, au wanakuambia umenunuliwa. Mnakumbuka ile miaka ya 2017 na 2018 wabunge na madiwani wa upinzani wanahamia CCM mmoja mmoja na kila mtu anasema "naunga mkono juhudi", yani juhudi za Rais Magufuli? Ikabaki kuwa kejeli, mtu akibadili wazo hata la mpira anaambiwa kaunga mkono juhudi. Sasa nani atabadilika mbele ya watu mia mbili wa kwenye grup?

Ndo maana idadi ya majibu haisaidii kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, huko huko Marekani, mwaka 2016 waliangalia mijadala ya watu ambao wenyewe wameomba wabadilishwe mawazo, na hata hao mkisharushiana majibu zaidi ya mara tano hivi nafasi ya kumshawishi inakuwa karibu imeisha. Sema jambo lako mara mbili tatu, weka ushahidi, uondoke. Anayebadilika mara nyingi siyo unayebishana naye, ni yule anayesoma kimya hajaweka hata emoji, na huyo hana aibu ya kulinda kwa sababu hajasema kitu.

Upande nao unabadilika, sema hauji kwa komenti. Wafanyakazi wa wizara walivyoletwa huku toka Dar walilalamika wee, vumbi, upepo, maji ya chumvi, mji unalala mapema, na hakuna hoja mtandaoni iliyowatuliza. Baadaye mtu kanunua kiwanja Ihumwa au Nala, kajenga, watoto wameanza shule, ofisi iko Mtumba kwenye mji wa serikali. Siku hizi ukiiponda Dodoma kwenye grup hao hao ndo wa kwanza kukushukia.