Mpaka wa baharini unaolisha dhoruba

Watu wakisikia kwamba bahari hubadili hali ya hewa, huuliza kwanza: bahari imepata joto kiasi gani? Kwa ukanda wa tropiki hilo ni swali zuri. Kwa latitudo za kati, kuanzia nyuzi 30 hadi 60 hivi kutoka Ikweta, mimi huuliza jingine: ukisogea kilomita chache, joto la maji linabadilika kiasi gani?

Tuchukue Mkondo wa Ghuba (Gulf Stream), mkondo wa maji ya joto katika Bahari ya Atlantiki, pale unapoiacha pwani ya Marekani karibu na Cape Hatteras. Upande wa kusini maji yana joto, upande wa kaskazini ni ya baridi, na ndani ya kilomita 100 tu joto la uso wa bahari linaweza kushuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Mstari huo wa kukutana kwa maji ya joto na ya baridi ndio ninaouita mpaka. Majira ya baridi, hewa kavu na baridi kali hutoka barani na kumwagika juu ya maji hayo. Hapo bahari hufuka kama sufuria iliyofunuliwa, na mawingu hujipanga mistari mistari hadi mbali. Siku za namna hiyo kila mita ya mraba ya bahari inaweza kuipa hewa zaidi ya wati 1,000, kana kwamba pasi ya umeme imewashwa juu ya kila mita.

Fumbo lililonivuta kwenye kazi hii ya kuchunguza jinsi bahari inavyoathiri dhoruba ni hili. Dhoruba za latitudo za kati huishi kwa tofauti ya joto: hubeba hewa ya joto kuelekea kwenye ncha za dunia, zikarudisha ya baridi kuelekea Ikweta. Lakini kazi hiyohiyo huifuta tofauti inayozilisha. Dhoruba ya kwanza ikishapita na kuchanganya hewa, ya pili itakula nini?

Jibu liko majini. Hewa iliyo upande wa joto hupashwa upya, iliyo upande wa baridi haipashwi, na baada ya siku moja au mbili tofauti imesharudi karibu na uso wa bahari. Bahari haichoki upesi, kwani mita 3 hivi za juu peke yake zina uwezo wa kuhifadhi joto sawa na wa angahewa yote iliyo juu yake. Mwaka 2004 mtafiti Hisashi Nakamura na wenzake walieleza jinsi mipaka hii inavyozishikilia njia za dhoruba zisitangetange: Mkondo wa Ghuba, mikondo ya Kuroshio na Oyashio mashariki mwa Japani, na mkondo wa Agulhas unapogeukia mashariki kusini mwa Afrika.

Jaribio ninalolipenda ni rahisi kulieleza. Unachukua modeli ya angahewa, yaani programu ya kompyuta inayoiga hewa kwa kuigawa katika visanduku, unalainisha ramani ya joto la bahari ili mpaka mkali uwe mteremko wa taratibu, kisha unaiendesha upya. Mtafiti Shoshiro Minobe na wenzake walifanya hivyo kwa Mkondo wa Ghuba na kutoa matokeo mwaka 2008. Ule mkanda mwembamba wa mvua unaoufuata mkondo ulitoweka. Maji yalikuwa bado na joto. Kilichoondolewa ni ukali wa mpaka.

Lakini kati ya bahari na hewa, nani anamsukuma nani? Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliiona bahari ya latitudo za kati kama mpokeaji tu, na kwa maeneo mapana wana haki: upepo ukivuma kwa nguvu, maji hupoa. Mwaka 1976 mwanasayansi Mjerumani Klaus Hasselmann alionyesha kwamba misukosuko ya hali ya hewa ya siku hadi siku inatosha kuzaa mabadiliko ya polepole baharini. Kisha setilaiti ya QuikSCAT, iliyorushwa 1999, ikapima upepo juu ya bahari kwa undani, na kwenye mipaka ya mikondo uhusiano ukaonekana kugeuka: upepo una nguvu zaidi juu ya maji ya joto, dhaifu juu ya maji ya baridi. Maji ya joto huivuruga hewa, na upepo wa kasi ulioko juu huvutwa chini. Juu ya maji ya baridi hewa hutulia tabaka kwa tabaka. Hapo bahari ndiyo inayosukuma.



Ugumu wa kazi yetu ni kwamba angahewa ya latitudo za kati ina vurugu zake nyingi. Mpaka ukisogea kidogo kaskazini, njia ya dhoruba inaweza kuitikia, lakini itikio hilo limezama kwenye kelele za majira mazima ya baridi, hivyo tunaendesha modeli ileile mara nyingi kulitafuta. Tena modeli yenye visanduku vya kilomita 100 karibu haiuoni mpaka wenyewe. Ndiyo maana mtu akiniletea matokeo yanayosema bahari ya latitudo za kati haina neno, kitu cha kwanza ninachomuuliza ni ukubwa wa visanduku vyake.